Sumu Haina Miguu

Watu wananicheka nikisema nimestaafu. Nimestaafu. Sina mvi hata moja, nina mtoto mgongoni na mwingine darasa la kwanza, na kazi niliyoifanya tangu nimalize kidato cha nne nimeiacha. Kama neno hilo ni la wazee peke yao, mnisamehe, nimelichukua. Nilinyonyesha mtoto wa kwanza huku nikishinda na sahani za vijidudu, nikaapa wa pili sitamfanyia hivyo. Niliomba nihamishiwe mapokezi, wakaniambia nisubiri. Mtoto hasubiri.

Nawaandikia nyie mnaobaki kule maabara, hasa mabinti wapya mnaoosha vyombo kwenye lile sinki la nyuma linalovuja. Nani alipandishwa cheo kabla ya nani, mtaambiana wenyewe wakati wa chai. Mimi nitaandika juu ya sumu. Na nasema mapema, naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya neno hilohilo.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya wazi. Mzee Mkude, mtaalamu wa maabara ya vijidudu, alitazama miguu yangu kabla hajanitazama usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo vidole umevileta vya nini?"

Sikuelewa.

"Humu tunafuga vitu vinavyokula watu. Kesho njoo umevificha."

Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuwa mtu wa huko juu milimani, aliyeshuka mjini zamani kwa ajili ya kazi na hakuacha kulalamikia joto la mjini. Bakteria aliwaongelea kama majirani: huyu mkorofi, huyu mpole lakini usimwachie ufunguo. Alikuwa na kasoro moja kubwa, simu. Akipiga simu alipayuka kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde, na sentensi zake zilikuwa ndefu, hazina pa kupumulia. Kumbukeni hilo.

Kazi yangu ilikuwa kuosha, kuchemsha na kupika. Kuosha mnakujua. Kuchemsha ni ile otoklevu, sufuria nene ya mvuke yenye kifuniko cha skrubu, ambayo mwezi wa kwanza niliiogopa kuliko bakteria wote. Msiiamini kwa sauti yake. Iaminini kwa ule utepe unaobandikwa kwenye vyombo, unaotoa mistari myeusi. Mistari isipotokea, rudia, hata kama mtu amesimama mlangoni anapiga miguu. Na kupika ni kupika chakula cha bakteria, ile jeli inayomwagwa kwenye sahani ikiwa vuguvugu, na nyingine inatiwa damu ya kondoo. Kondoo wetu alikuwa nyuma ya jengo, tulimwita Mhasibu, kwa sababu alikuwa anatoa kidogo kidogo na kwa malalamiko. Ukichanganya damu jeli ikiwa bado ya moto, unapata sahani ya rangi ya chokoleti na matusi ya Mzee Mkude. Ukichelewa, inaganda mabonge. Subiri mpaka uweze kuishika chupa shavuni. Hakuna kipimo kizuri kuliko shavu.

Habari za sumu nilizianza mwenyewe kwa kuuliza. Nilikuwa najua bakteria wanaleta ugonjwa. Sikujua wanaletaje. Nilidhani wanatutafuna.

"Wengine wanatafuna," Mzee Mkude akasema. "Wengi wanaumiza kwa sumu. Na kwa sumu kuna watu wa namna mbili. Kuna anayetema, na kuna ambaye sumu ni ngozi yake."

Wanaotema, alisema, ni mafundi wa kazi moja moja. Yule wa pepopunda anakaa kwenye kidonda kidogo, pengine hata hakijavimba, anatema kidogo tu, na sumu inapanda na mishipa ya fahamu mpaka misuli inakaza na haiachii. Ana ndugu yake wa tumbo moja, anayependa vyakula vilivyofungiwa visipate hewa, na huyo anafanya kinyume chake. Yeye analegeza. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwishowe kifua kinasahau kupumua. Yule wa kipindupindu hana habari na mishipa. Anaingia kwenye utumbo na kung'oa koki, maji yanatoka mwilini mpaka mtu anabaki macho matupu. Wa dondakoo anaua nyama ya koo mpaka linaota utando, halafu sumu yake inateremka kimyakimya kwenye moyo.

"Na wa ngozi?"

"Wa ngozi ni kama wale wa homa ya matumbo na jamaa zao. Sumu imo kwenye ukuta wa miili yao. Wakiwa hai wamejivalia tu. Wakifa, ukuta unabomoka na sumu inamwagika. Haina ufundi hiyo, haichagui msuli wala utumbo. Homa, kutetemeka, presha kuanguka. Ukiipima tone kwa tone na ya pepopunda, ni nyonge, tena nyonge mno. Lakini wakijaa kwenye damu na kubomoka kwa wingi, inalaza dume la mtu."

Akaniambia pia kwamba ile sumu ya kutemwa inaweza kung'olewa meno ikabaki sura tu, na sura hiyo ndiyo chanjo. Mama mjamzito anayechomwa begani sindano ya pepopunda anachomwa sumu yenyewe iliyong'olewa meno. Ile ya ukutani haing'oleki meno, haina meno ya kung'oa.

Nikauliza swali la jikoni. Si tunachemsha tu?

Mzee Mkude alicheka mpaka akavua miwani. "Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Yule mlegezaji, ambaye sumu yake ndiyo kali kuliko zote ninazozijua, ukimchemsha sawasawa sumu yake inavunjika. Lakini yule wa majipu na vidonda vya vidole akishatema kwenye chakula, chemsha mpaka maji yakauke, atakutapisha tu. Na yule wa wali, anayetapisha, hata hiyo otoklevu yako haiiwezi sumu yake."

"Kwa hiyo mkali anaogopa moto na mnyonge haogopi?"

"Kama watu tu, Zaina."

Nilijifungua Shani, mtoto wangu wa kwanza, mwaka uliofuata, na baada ya likizo nikarudi titi likivuja kwenye koti jeupe. Ndipo likaja lile la mtoto mchanga.

Pepopunda haihitaji maabara, daktari anaitambua kwa macho. Lakini walitaka kitovu kifutwe na pamba iletwe kwetu, na aliyetumwa wodini kuichukua nilikuwa mimi. Mtoto alikuwa ametoka mlimani, alizaliwa nyumbani, alinyonya vizuri siku za mwanzo kisha akaacha. Midomo ilikuwa imevutwa kama anacheka. Hakuwa anacheka. Mlango ukigongwa alikuwa anakakamaa mwili mzima kama ubao. Bibi yake alikuwa amempaka kitovu majivu yaliyochanganyika na kitu cha zizini ili kikauke upesi, kama alivyowafanyia wanawe wote, na wanawe wote walikua. Alifanya kwa mapenzi. Alikuwa amekaa pale chini, miguu ameinyoosha, anamkunjia mjukuu nguo ambazo hakuna aliyeziomba.

Muuguzi, bila ubaya wowote, akamwambia mama wa mtoto: "Sumu imeshafika kwenye mishipa."

Yule mama hakumtazama muuguzi. Aligeuka akamtazama mama mkwe wake.

Mpaka leo sijasahau namna alivyomtazama. Mtoto hakupona, na mimi nilirudi maabara na pamba yangu nikitamani kulirudisha lile neno mdomoni mwa muuguzi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa sumu ya panya, sumu ya nyoka, sumu anayotiliwa mtu na adui yake, na sumu anayoitema mdudu asiyejua hata kwamba sisi tupo. Ukimwambia mtu "sumu", yeye swali lake la kwanza ni nani. Haulizi nini.

Kesi yangu kubwa ilikuja nikiwa na mimba ya huyu wa pili.

Deo, bwana afya wa kata moja ya juu, alikuja na bodaboda, amepakata ndoo ya barafu kama mtoto. Ndani kulikuwa na wali, nyama na matapishi. Kulikuwa na harusi. Watu wa bwana harusi walikuwa wametoka Mikese, huko tambarare, wakala, na wengi wao wakaishia kwenye dripu zahanati. Mama wa bwana harusi ndiye aliyeumia zaidi.

"Walianza kutapika baada ya muda gani?" Mzee Mkude akauliza.

"Wengine kabla sahani hazijaoshwa."

"Na upande wa bibi harusi?"

"Mzee, hapo ndipo penye tatizo. Upande wa bibi harusi hakuna hata aliyepiga mbweu."

Tulifanya kazi. Kutapika haraka namna ile, bila homa, kulishamwambia Mzee Mkude kwamba sumu ilitemwa kwenye chakula kabla hakijaliwa. Kama bakteria angekuja kuitemea tumboni, wangeanza kuumwa baadaye sana. Nyama haikuotesha kitu cha maana. Sahani za wali zilijaa: madoa makubwa, makavu, yenye kingo mbaya kama nta ya mshumaa iliyodondoka, na damu ya Mhasibu pembeni yake imeyeyuka. Kwenye hadubini walikuwa vijiti vimeungana kama mabehewa ya treni, na ndani ya baadhi yao mbegu. Mbegu ndiyo ujanja wao. Unapika wali, wao wanakufa, mbegu zinabaki ndani ya maganda yao zinasubiri joto la kupendeza.

Mzee Mkude akashika simu. Nilikuwa nimesimama pembeni, nilisikia kila neno. Nadhani hata Mhasibu alisikia.

"Deo! Tumekuta kwenye ule wali bakteria wengi sana wa aina ile inayotengeneza sumu yenyewe na hakuna mtu aliyeweka kitu chochote ni namna ulivyotunzwa kwa hiyo uwaambie—"

Mtandao wa mlimani ulimeza maneno yote ya maana na kutema manne: wali, sumu, mtu aliyeweka.

Simu ya Deo ilitukuta kesho yake, anaongea kama anayelia. Alikuwa amemwambia mtendaji wa kijiji alichosikia, na mtendaji akatangaza. Watu wakaenda kwa mpishi, bibi mmoja anaitwa Felista, wakavunja mlango. Mtendaji aliwahi akamchukua na kumweka ofisini kwake, akasema ni kwa usalama wake, lakini nje walikuwa wanataka afukuzwe kijijini, na wengine walikuwa wanataka zaidi ya hilo.

Bibi Felista ndiye aliyemlea bibi harusi baada ya mama yake kufariki. Na kila mtu kijijini alijua kwamba aliikataa ile ndoa, hadharani, kwa mdomo mpana. Ndiye aliyepika. Na walioumwa ni wakwe tu. Kama ningekuwa sijaziona zile sahani, labda na mimi ningeulizia jiwe.

"Jiandae," Mzee Mkude akaniambia. "Tunapanda."

"Na tumbo hili?"

"Tumbo ndilo ninalolitaka. Hawatampiga mawe mzee aliyefuatana na mjamzito."

Bodaboda zilitufikisha barabara ilipokataa, tukamalizia kwa miguu. Njia nzima Mzee Mkude hakutoa neno. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa toba.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya kijiji. Bibi Felista alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge amejifunga vizuri, mikono mapajani. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, tena akaniuliza kama nimekunywa maji. Upande wa pili walikaa watu wa Mikese, wengine bado midomo imewakauka. Msemaji wao alikuwa mjomba wa bwana harusi, mwembamba, mwenye sauti ya mnada.

"Maabara yenyewe imesema sumu," akaanza. "Sasa mimi nauliza, na mnijibu. Sumu haina miguu. Imetembea yenyewe mpaka kwenye sufuria?"

Watu wakaguna, naam, naam.

"Ndiyo," Mzee Mkude akasema.

Mtu mmoja akacheka kwa mshtuko.

"Ilikuwemo kwenye mchele tangu shambani. Na kwenye mchele ulio kwako nyumbani, mjomba, imo vilevile. Kuna sumu ya kuwekwa, na kuna sumu ya kuota. Mimi sikukuta ya kuwekwa. Nimekuta ya kuota."

"Maneno ya kitabu hayo."

"Pepopunda mnaijua hapa?"

Wanaijua.

"Ile ni sumu. Kali kuliko ya nyoka yeyote mnayemjua. Mtoto mchanga anapokazwa taya, nani amemlisha? Kipindupindu kikipita bondeni, nani ameshika chupa? Ni sumu zote hizo. Moja inakaza, moja inafungua maji, na hii ya kwenu inatapisha basi, kesho yake wengi wanasimama. Kila moja ina kazi yake na hakuna hata moja yenye mwenyewe."

"Pepopunda ni ya kidonda," mjomba akasema. "Hiki ni chakula. Na wali ule ulikuja unafuka moshi, umepashwa mpaka unachoma ulimi! Kama ni vijidudu, moto si ungeviua? Kilichobaki baada ya moto ni nini, kama siyo sumu ya mtu?"

Swali lilikuwa zuri. Ndilo swali langu la jikoni.

"Moto umewaua," Mzee Mkude akasema. "Lakini walikuwa wameshatema. Nyoka akikuuma, halafu ukamuua, unapona?"

Hapo nikaona baadhi ya vichwa vya wanawake vikiinama kufikiri. Mjomba naye aliona, akanigeukia mimi.

"Na huyu binti wa mjini naye ni shahidi? Wewe wa wapi?"

"Mwembesongo."

"Mtu wa Mwembesongo atajua nini cha wali tuliokula sisi?"

Ilinipanda. Sina namna nyingine ya kusema. "Mjomba, wali wenu nimeushika mimi kwa mikono hii. Nimewafuga hao wenye sumu kwenye sahani, nimewalisha damu ya kondoo, nimewatazama sura. Ukitaka nitakuletea hapa uwafukuze kijijini mmoja mmoja! Lakini huyu bibi hayumo kwenye sahani yangu."

Wakacheka, hata wa Mikese. Mjomba hakucheka. Akarudi kwenye jiwe lake la mwisho, na lilikuwa zito.

"Basi tuambieni kwa nini tumeumwa sisi tu."

Mzee Mkude hakuwa na jibu la hilo, na hakujifanya analo. Alimgeukia Bibi Felista. "Dada, hebu tueleze. Ule wali ulipikwa lini?"

"Ijumaa mchana," Bibi Felista akasema. "Waliniambia watafika alasiri."

Hawakufika alasiri. Gari lao lilinasa kwenye tope barabarani, wakafika Jumamosi asubuhi. Hilo kila mtu alilijua, lakini hakuna aliyekuwa ameliweka karibu na ile sufuria.

"Na wenyeji mlikula nini?"

"Tulipika mwingine. Wali wa wakwe hauguswi." Alisema kama mtu anayeeleza kwamba jua linachomoza. Katika nyumba ile, chakula kilichopikwa kwa ajili ya wakwe hakionjwi na mwenyeji hata punje, mpaka wao wenyewe wanawe mikono. Kuuonja kabla yao ni kuwalisha makombo.

"Ukaufanyaje mpaka asubuhi?"

"Niliufunika. Majani ya mgomba kwanza, halafu mfuniko, halafu gunia. Huku kwetu Ijumaa ile kulikuwa na baridi. Wakwe hawali baridi."

"Gunia lilitosha?"

Bibi Felista alisita, kama ni jambo la aibu. "Halikutosha. Nikaongeza blanketi langu."

Mama wa bwana harusi alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kichwa kwenye mapaja ya binti yake. Akainuka kwa kiwiko. Mkutano mzima ulimsubiri, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu kufa.

"Una blanketi ngapi, dada?"

"Hilohilo."

"Na wewe ukajifunika nini?"

"Kitenge."

Mzee Mkude akafungua mdomo aeleze kwamba hapo ndipo mbegu zilipoamka, kwenye lile joto la blanketi, usiku kucha. Nilimkanyaga mguu. Kuna wakati elimu inyamaze.

"Dada Felista," mama wa bwana harusi akasema. "Nimeambiwa uliikataa harusi hii."

"Niliikataa. Na bado sijaipenda. Mwanao hana hata jembe." Watu wakaguna. "Lakini mgeni ni mgeni. Nilipika."

Yule mama akalala tena. Macho ameyafumba akasema, "Mfungulieni huyu mama aende nyumbani. Mtu hamfunikii adui yake wali kwa blanketi lake."

Mjomba alitaka kusema neno. Dada yake hakufumbua macho. "Kaa chini wewe. Ulikula sahani mbili."

Kwenye kuteremka, Mzee Mkude alinisomea somo lake la mwisho, ingawa alikuwa anajisemea mwenyewe. Alisema jibu la maabara lisitoke kwa sentensi moja ndefu. Anza na lile litakaloumiza likikosewa. Anza na "hakuna mtu aliyeweka", kata, uliza kama umesikika, aliyeko upande wa pili alirudie, ndipo uje na bakteria. Na neno sumu usiliache litembee peke yake, liambatane na "ya kuota" kama mtoto anavyoshikwa mkono barabarani. Tangu siku hiyo hakupiga simu ya majibu bila mimi kusimama pembeni. Nami nikiona sentensi inarefuka nilikuwa namvuta koti. Sasa mtamvuta nyie.

Kwenu nyie mnaooshea sinki la nyuma, naongeza la kwangu. Mtakapojifunza kutofautisha sumu, hii inakaza, hii inalegeza, hii inavunjwa na moto, hii haivunjwi, hii ni ya kutema na hii ni ya ukuta, msidhani mnajifunza kwa ajili ya mtihani. Kila tofauti hapo ina mtu. Anayeamini kwamba moto unaua kila kitu atampikia mwanawe kiporo. Asiyejua kwamba sumu inaota yenyewe atamtafuta jirani.

Bibi Felista nilidhani nimemalizana naye. Nilijua harusi haikuvunjika, nikajiambia basi. Halafu mwezi huu, nikiwa nimeshaacha kazi, nimekaa kliniki na huyu mdogo tunasubiri mizani, nikasikia mazungumzo kwenye benchi la nyuma. Binti mmoja wa mjini alikuwa amefungua hotpoti ampe mwanawe wali. Jirani yake, kwa lafudhi mtu wa mlimani, akamshika mkono.

"Umepika lini huo?"

"Jana mchana. Lakini bado wa moto, shoga, gusa. Hotpoti yangu haina mchezo."

"Usimpe. Huo una felista."

"Una nini?"

"Felista. Sumu ya kuota. Haionekani, hainuki, na ukipasha haitoki."

Nilisimama na mtoto mkononi. Damu ilinipanda hadi masikioni. Tulipanda mlima ule na tumbo langu, yule mama akainuka mkekani kumtetea, na mwisho wake wamelichukua jina la bibi wa watu wakalifanya jina la kutapika!

"Wewe dada," nikamwambia, "unajua unachosema? Felista ni mtu."

"Najua ni mtu." Alinitazama juu mpaka chini, hana haraka. "Ni bibi yangu."

"Na mnamtukana hivyo?"

"Mwanzo walikuwa wanamtukana kweli. Watoto wanamwimbia njiani. Kwenye sherehe hakuna anayemwita kupika, mpaka leo. Alilia mwaka mzima. Halafu Jumapili moja akasimama kanisani wakati wa matangazo, padri mwenyewe hakuwa na habari. Akasema, jina langu mmeshalitia kwenye wali, kulitoa siwezi. Basi lisikae humo bure, lifanye kazi. Mkimwona mtu amefunika wali umelala usiku kucha, mwambieni, huo una Felista." Akacheka kidogo, huku anamfuta mwanawe makamasi. "Sasa akipita, anawauliza watu, jamani, jana nimemwokoa nani?"

Hasira niliyokuwa nimesimama nayo ikakosa pa kukaa, nikakaa mimi.

Yule binti wa mjini alitazama wali wake, akamtazama mwanawe aliyekuwa ameshafungua mdomo. Akafunika hotpoti, akauliza pipa liko wapi.